Jumanne, Saa Tatu Hadi Saa Nne

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kakamega, pamoja na wale wa Likuyani ambao habari huwafikia zikiwa zimepoa, kwamba chuo chetu ndicho cha kwanza katika mkoa mzima kukomesha kabisa miradi inayoharibika. Kwa miaka minne mfululizo, hakuna mradi hata mmoja wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa teknolojia ya habari ambao umeharibika hapa. Watu huuliza siri yetu ni nini. Hakuna siri. Hakuna mradi uliowahi kufanya kazi.

Mafanikio haya yametokana na Kanuni za Uongozaji wa Miradi, Toleo la Tatu, kurasa tisini na sita, zilizotungwa na mimi, Phanuel Shikanga, Mratibu wa Miradi. Nilizitunga peke yangu, bila msaada wa mtu, na kwa kweli bila mtu kuniomba.

Kanuni zenyewe ni rahisi. Mwanafunzi anaandika Sura ya Kwanza, iitwayo Historia ya Tatizo. Anachapisha nakala tatu. Pambizo la kushoto liwe sentimita nne, si tatu na nusu, maana hapa hatuchezi. Nakala zinasainiwa na watu watatu kwa wino wa bluu. Atakayebadilisha chochote kilichokwisha kusainiwa, hata koma, anarudi Sura ya Kwanza. Msimamizi, nami nikiwemo, anaonekana Jumanne tu, saa tatu hadi saa nne asubuhi, na katika saa hiyo haruhusiwi kuondoka ofisini hata jengo likiungua. Kifungu hicho cha mwisho nilikiongeza kwa uchungu, kwa sababu walimu walikuwa wanatoroka kwenda kuangalia miwa.

Hapo lazima nieleze. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne, na sukari ilikuwa imewapanda watu kichwani. Pasta alikuwa amepanda miwa hadi mlangoni mwa kanisa. Polisi walikuwa wamepanda nyuma ya seli, na mahabusu wakawa wanapalilia. Mimi, ingawa ni mtu wa kompyuta, nilikuwa na ekari sita kule Navakholo, na nyumba ya mawe iliyofika kwenye lenta ikakwama hapo, ikisubiri miwa ikatwe ipate paa. Nilikuwa nimekwisha kuwaalika watu wa kanisa waje kuiombea nyumba hiyo mwezi wa nane.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mwanafunzi aitwaye Pascalia Awinja alibisha mlango wangu akiwa ameshika disketi.

"Leo ni Jumatatu," nikamwambia.

"Najua, Mwalimu. Lakini hii kitu imeanza kufanya kazi."

Nilisimama nikafunga mlango, wengine wasije wakasikia. Katika darasa hilo la wanafunzi kumi na wanne, kumi na mmoja walikuwa wanatengeneza Mfumo wa Kompyuta wa Kusimamia Maktaba, na hakuna aliyenisumbua, kwa sababu maktaba yetu ni kabati moja na ufunguo wake ulipotea zamani. Huo ndio mradi wenye adabu. Huyu msichana yeye alitia disketi kwenye mashine yangu bila hata kuulizwa.

Ikafunguka. Unaandika jina la mkulima na tarehe aliyopanda miwa, nayo inapanga foleni ya kukatiwa: aliyetangulia kupanda anatangulia kukatwa. Juu kabisa pameandikwa: DOROTHY, NAVAKHOLO, MIEZI 24.

"Dorothy ni nani?"

"Ni mama. Mwalimu, miwa inatakiwanga kukatwa ikiwa na miezi kumi na nane. Yake imetoa maua na imeanza kukauka, na wenye walipanda nyuma yake wamekatiwa. Pale kiwandani foleni iko kwa kitabu, imeandikwa na penseli. Mtu anakujanga na ingokho, kuku mzima, kwa kwapa, karani anachukua raba, jina la huyo linapanda juu, la mama linashuka."

Kitabu hicho nilikifahamu. Ni cha kiwanda cha Mwangaza, kina jalada jeusi, na ukurasa wa mwezi wa saba ulikuwa na jina langu, ingawa miwa yangu ilikuwa na miezi kumi tu. Nilikuwa nimepeleka jogoo. Sioni cha kuficha hapo. Mkono mtupu haulambwi, na raba haijisogezi yenyewe.

"Awinja," nikasema, "Sura yako ya Kwanza iko wapi?"

"Bado sijaandika."

"Basi hili tatizo halijathibitishwa."

"Mwalimu, tatizo liko nyuma ya nyumba yetu. Ukikuja utaliona na macho."

"Macho si nakala tatu. Tatizo halipo mpaka lisainiwe. Umeleta jibu kabla ya swali, na Kanuni zinakataza. Rudi mwanzo. Usipomaliza sura zote tano kabla ya mwezi wa sita, unarudia mwaka."

Akaitazama disketi yake.

"Nikirudia mwaka sitarudi, Mwalimu. Hiyo miwa ndiyo imenisomesha. Ikikauka ikiwa shambani, basi, imeisha. Na kama huu mradi haujapita, hakuna mtu kiwandani atauangalia."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nikampa nakala ya Kanuni bure.

Kilichofuata kilinishangaza. Wanafunzi wengi husoma Kanuni mpaka ukurasa wa pili halafu huanza kuumwa. Awinja alizisoma zote. Kila Jumanne saa tatu kamili alikuwa mlangoni, na daftari mkononi.

"Mwalimu, na mtu akikuja saa nne na dakika moja?"

"Arudi wiki ijayo."

"Na kama ni mtu mkubwa?"

"Kanuni hazijui mkubwa. Pambizo ni pambizo."

"Na mwenye alitunga Kanuni, zinamfunga?"

"Zinamfunga zaidi," nikajibu, nikakohoa kidogo, kwa sababu nilijisikia vizuri. Akaandika. Nilimrudisha Sura ya Kwanza mara tatu, na kila mara aliniuliza kwa upole nimemrudisha kwa kifungu gani. Nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye nimepata mtoto anayeupenda utaratibu kama mimi.

Siku ya kutetea miradi ikafika, mwezi wa sita. Kwenye meza kuu tulikuwa watatu: Mkuu wa Chuo, mimi, na mgeni, Bwana Athman Swaleh, mtu wa Mumias, afisa wa mashamba aliyekuwa ndio kwanza amehamishiwa Mwangaza. Alitusalimu, "Assalamu alaikum," akaketi, na simu yake ikalia. Akaikata. Ikalia tena. Mpaka tunamaliza maktaba ya tano ilikuwa imelia mara ishirini.

Awinja akasimama na mfumo wake ukafanya kazi mbele ya watu. Niliona aibu kwa niaba ya idara. Nilikuwa nimekwisha kupima pambizo lake chini ya meza kwa rula na kulikuta ni sentimita tatu nukta tisa, nikaandika thelathini na nane kwa mia, yaani ameanguka, ndipo Bwana Athman akainua mkono.

"Binti yangu, hebu niambie. Hii simu unayoisikia ni diwani. Ile ya kwanza ilikuwa shemeji ya diwani. Wote wanataka nikatie miwa yao leo. Mtu kama huyo, mashine yako itamfanya nini?"

"Haitamkataza, Mzee," Awinja akasema. "Itamwambia aandike Sura ya Kwanza, Historia ya Tatizo. Nakala tatu, pambizo sentimita nne. Asainiwe na watu watatu kwa wino wa bluu. Alete mwenyewe, Jumanne, saa tatu hadi saa nne asubuhi. Akibadilisha kitu, anarudi mwanzo."

Bwana Athman alivua miwani. Aliipangusa kwa muda mrefu.

"Subhanallah," akasema. "Nikikataa mimi, mimi ndiye mtu mbaya. Hii haikatai. Inamchosha tu mpaka anaenda nyumbani. Hii akili umeitoa wapi?"

"Kwa Mwalimu Shikanga."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkuu wa Chuo akanipiga begani. Nilisimama nikainama kushoto, nikainama kulia, na nilipoketi nikakata ile thelathini na nane nikaandika sabini na moja, kwa kuwa sentimita tatu nukta tisa ukiitazama kwa moyo safi inakaribia nne. Mkataba wa kuutumia mfumo kiwandani ulihitaji saini ya mtunzi wa Kanuni. Nilisaini palepale, kwa wino wa bluu, nakala zote tatu. Bwana Athman akaondoka na disketi mfukoni, na simu ikilia.

Mwezi wa saba ulipoingia nilichukua jogoo wangu nikaenda Mwangaza kukumbushia. Ilikuwa Jumatano. Kitabu cheusi hakikuwapo. Palikuwa na kompyuta, na nyuma ya kompyuta palikuwa na Awinja, ameajiriwa.

"Karibu Mwalimu! Kaa hapa." Alinipa kiti chake mwenyewe. Akabonyeza. "Shamba lako liko nafasi ya mia nne na kumi na nane."

"Mia nne?"

"Na kumi na nane. Miwa yako bado changa sana, Mwalimu. Itafikiwa mwakani."

"Awinja, mtoto wangu, nipandishe kidogo tu. Nimealika watu mwezi wa nane."

"Inawezekana, Mwalimu. Kuna utaratibu." Akanisogezea karatasi. Niliyatambua maneno yote. Hata kosa la herufi katika kifungu cha tisa lilikuwa langu.

Wakati huohuo aliingia mama mmoja mwenye kitambaa kichwani na risiti ya mizani mkononi. Awinja akamwambia, "Mama, huyu ndiye Mwalimu."

Mama Dorothy aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, Mungu akubaliki sana! Tulekta ya kubeba miwa ilikuja kwangu ya kwanza kabisa, wiki jana. Nilikuwa nimekata tamaa, nikasema hii nitageuza kuni. Mtoto ameniambia ni sheria zako zimenisaidia. Ukuje nyumbani nikupikie obusuma, ugali wa kwetu." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimwambia asinishukuru, ni kazi tu. Jogoo akawika kwenye mfuko, na kwa kuwa sikuwa na maelezo mengine, nilimpa yeye.

Nilirudi chuoni nikaketi kutafakari. Kuna watu Navakholo wanaotumia juu yangu methali ya mchimba kisima. Methali hiyo haijapitia Sura ya Pili na siitambui.

Sura yangu ya Kwanza niliiandika kwa siku mbili na ilikuwa nzuri, pambizo sentimita nne kamili. Tatizo lilikuwa kuipeleka. Mwangaza wanapokea Jumanne, saa tatu hadi saa nne, mtu mwenyewe, ana kwa ana. Mimi Jumanne, saa tatu hadi saa nne, siruhusiwi kuondoka ofisini hata jengo likiungua. Nilimpigia Awinja simu nikamwomba wabadilishe saa. Alisikitika kweli, nilimsikia. Akasema saa ilikwisha kusainiwa, na saini ni yangu.

Mwezi wa nane watu wa kanisa walikuja wakaiombea nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha ndani. Waliomba kwa ufupi.

Ilibaki njia moja, kubadilisha saa ya upande wetu. Ombi la kubadilisha Kanuni huandikiwa Mratibu wa Miradi. Niliandika nakala tatu, nikazipeleka mezani kwangu Jumanne, saa tatu na nusu, nikazipokea. Nilizisoma kwa makini, bila upendeleo. Hoja ilikuwa na nguvu na lugha ilikuwa safi, lakini mwombaji alikuwa anataka kubadilisha kitu kilichokwisha kusainiwa.

Nikajirudisha Sura ya Kwanza.