Vipimo Vyangu Saba vya Habari

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa. Mchana kweupe, mbele ya watu kumi na tisa walioketi kwenye viti vya plastiki.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita mtu aliweka kwenye kundi la simu la mtaa wetu habari kwamba shule zimefungwa siku mbili. Wazazi wakawabakiza watoto nyumbani. Uongo mtupu! Leo mwenyekiti wetu, mama wa duka la dawa, akaitisha kikao na kusema imetosha: Jumapili tutachagua mtu mmoja wa kuhakiki kila habari ya mtandaoni kabla haijawekwa kundini. Nikakohoa. Nikanyoosha koti. Nimekuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini na moja, nani mwingine?

Wakamtaja fundi saa! Jirani yangu wa mkono wa kushoto, mtu ambaye simu yake imepasuka kioo hadi haionyeshi jina la anayempigia. Akaulizwa atahakiki vipi. Akasema yeye atawauliza wahusika tu. Atawauliza! Hiyo ni mbinu au ni umbea?

Basi tuko wagombea wawili. Nimekaa mezani nikaandika Vipimo Saba. Moja, tovuti iwe na jina la heshima. Mbili, mwandishi ajitaje. Tatu, tarehe. Nne, lugha iwe tulivu, isipige kelele. Tano, namba ya kumbukumbu. Sita, picha iendane na maelezo. Saba, na hiki ndicho kipimo mama: ithibitishwe na vyanzo vitatu. Kurasa nne. Mke wangu akauliza nani atazisoma. Kuna maswali hayastahili jibu.

Jumanne, 5 Machi

Nimerekodi Vipimo Saba kwa sauti yangu na kuviweka kundini. Dakika kumi na nne, bila kukimbia, pamoja na mifano. Mpaka adhuhuri wamesikiliza wawili. Mmoja ni kinyozi, naye kakiri kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya akiwa anamnyoa mteja, akashindwa kuzima kwa sababu ya povu mikononi. Kasema mteja alisinzia vizuri.

Fundi saa akaandika mstari mmoja: "Ukiwa na shaka, piga simu uulize." Dole gumba arobaini! Nimezihesabu mara mbili. Mojawapo ni ya mke wangu. Nilipomuuliza, akasema kidole kiliteleza.

Haiwezekani. Watu hawa wanahitaji kuonyeshwa kwa vitendo. Nimepata wazo. Nitatunga habari ya uongo, mbovu kwa kila kipimo, niiachie kundini. Fundi saa ataimeza nzima nzima. Jumapili nitasimama nitangaze kwamba ulikuwa mtihani, na kwamba yeye kafeli. Si udanganyifu. Ni ufundishaji.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imekuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Habari niliyobuni: halmashauri imeagiza mageti yote ya nyumba yapakwe rangi ya bluu kabla ya ukaguzi wa Jumatatu. Upuuzi, sivyo? Nani akague mageti?

Nilikusudia iwe mbovu. Lakini nilipoiacha bila tarehe, mkono ulikataa. Hati bila tarehe! Nikaweka. Bila jina la mwandishi ikaonekana kama kijikaratasi cha ukutani, nikabuni jina. Kisha namba ya kumbukumbu, kwa sababu bila hiyo mtu atafungua jalada gani? Kichwa cha habari nilianza kwa kupiga kelele, nikajisikia aibu, nikakituliza. Chini kabisa nikaweka mawasiliano, kama barua zote nilizopata kuandika. Picha ni ya geti letu, nimeikata pembeni. Tovuti ya bure nimeiita Sauti ya Uhakika.

Nimeisoma upya. Ni nzuri sana. Kwa bahati mbaya inapita vipimo sita. Hata hivyo cha saba haipiti, na mtu makini angekwama hapohapo. Nimemtumia kinyozi linki, nikijifanya namuuliza kama kaisikia. Ndani ya dakika tatu ilikuwa kundini.

Alhamisi, 7 Machi

Mtaa mzima ni bluu. Duka la vifaa limeishiwa rangi kabla ya saa nne. Mwenyekiti mwenyewe kapaka geti la duka la dawa, na nusu ya paka wake.

Na fundi saa? Geti lake bado na kutu yake ya zamani! Nilipita mara tano kuangalia. Alikuwa kainama juu ya saa ya ukutani, kibano mkononi. Nikamuuliza, kwa upole wa kawaida, kama kaona agizo. Akasema, "Nimeliona, mzee mwenzangu. Nitapita ofisini niulize." Nikamwambia rangi inaisha. Akasema kutu haiishi, atasubiri nayo.

Inaudhi! Mtu gani huyu asiyeingia mtegoni kwa wakati?

Nyumbani nimekuta mke wangu kashika brashi. Nikamwambia asubiri. Akaniuliza kama nataka tuwe nyumba pekee ya wakaidi. Nisingeweza kumweleza bila kuharibu mtihani. Akapaka. Kisha akasogea nyuma, akainamisha kichwa, akasema geti la kwenye ile picha linafanana sana na letu, hata pale lilipobonyea. Nikasema mageti yote hufanana.

Ijumaa, 8 Machi

Jambo zito limetokea. Dada yangu kanitumia habari kutoka mji mwingine kabisa: mageti yapakwe KIJANI, si bluu, na litakalokutwa na rangi nyingine litang'olewa. Nikacheka. Nikakumbuka mimi si mtu wa kucheka. Ni mtu wa kupima.

Tovuti, Mwangaza Halisi: jina la heshima. Mwandishi yupo. Tarehe ipo. Lugha tulivu kupita kiasi, karibu ningeiandika mimi. Namba ya kumbukumbu ipo, tena inafanana na ile niliyobuni, jambo linaloonyesha kwamba nilikisia vizuri utaratibu wa ofisi. Picha: geti, limebonyea pembeni, kama mageti yote. Nikaja kwenye kipimo mama. Mkwe wangu kaipata pia. Kasema kaitoa kwa dada, lakini simu ni tofauti, kwa hiyo ni chanzo cha pili. Saa nane kinyozi akaileta. Watatu!

Kumbe sikubuni. Nilitabiri! Au kuna mtu halmashauri kaisoma Sauti ya Uhakika akaona hoja ina uzito, akabadilisha rangi tu.

Nimekwenda hadi mji wa pili kutafuta rangi ya kijani. Nimepaka mwenyewe juu ya bluu mbichi. Imetoka rangi ambayo haina jina. Kisha nikaweka tangazo kundini: "Imehakikiwa kwa Vipimo Saba. Ni kijani." Dole gumba hamsini na mbili! Hatimaye.

Jumapili, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa ajili ya ukweli.

Wajumbe walikuja kikaoni na mikono ya kijani. Fundi saa akasimama. Akasema kaenda halmashauri. Kawakuta wanacheka, hawajui agizo lolote la mageti. Nikasema ofisi kubwa haijui kila inachokiandika. Akakubali, kwa adabu. Akasema ndiyo maana kabakiza mhusika mmoja, mwandishi wa ile habari ya kwanza, kwani kaisoma mpaka chini akakuta namba ya simu. Akaanza kuibonyeza kwenye kile kioo chake kilichopasuka, akitamka tarakimu moja moja.

Koti langu likaanza kuita.

Liliita muda mrefu. Kinyozi akaniambia, "Mwalimu, pokea basi, huenda ni halmashauri." Hapo ndipo walipocheka. Hata mke wangu, tena yeye kwa sauti.

Fundi saa kachaguliwa kwa kura zote. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuomba nafasi ya kujieleza, mwenyekiti kauhesabu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Vipimo Saba havina kosa. Vilipungukiwa kimoja tu. Ni kitu gani kilichoharibu kila kitu? Namba ya simu! Habari ya kweli haihitaji kupigiwa. Nimeongeza Kipimo cha Nane: ikiwa na namba ya simu, ni uongo. Kurasa zimefika sita.

Kimeanza kazi leo leo. Asubuhi fundi saa kaweka kundini tangazo la idara ya maji: maji yatakatwa kuanzia saa sita, siku tatu. Chini, namba ya simu! Hajui hata kujificha. Nimemkuta mke wangu kajaza ndoo zote sita na sufuria kubwa. Nimemweleza Kipimo cha Nane taratibu, na kwa mifano. Alipokwenda dukani nimeyamwagilia maua ndoo zote, na sufuria pia.

Ni saa sita na robo. Bomba limetoa sauti kama ya mtu anayekohoa. Upepo tu.