Mume Wangu, Mtu wa Ishirini na Mbili

Jumamosi, 1 Machi

Nimeamka nikiwa mke wa Dell Novotny. Bado! Anakoroma kama trekta, na sijapata kusikia muziki mtamu kama huo.

Leo timu za ligi yetu ya futiboli ya Kimarekani zimechagua wachezaji chipukizi. Baba ndiye mwenye timu yetu, na zawadi yake ya harusi ilikuwa kunifanya meneja. Wenzangu hapa Nebraska walipewa masufuria! Kocha Lonnie alitaka tumchukue kijana mmoja mrushaji, mwenye mkono kama manati. Eti Dell ana miaka thelathini na minne na goti lake linalia kama mlango wa ghala. Nilimjibu kwamba mrushaji ninaye, tena ananipikia chai. Nikamchagua Bo Hinrichs. Mlinzi. Kilo mia na hamsini, kifua kama friji. Atasimama mbele ya Dell wangu, na hakuna adui atakayemgusa hata kwa kidole.

Kijana wa manati alinyakuliwa papo hapo na Wade Pavlik, meneja wa Mbweha wa Dunning. Alinipungia kofia akasema, "Shemeji, Mungu akuzidishie mapenzi!" Acheke tu. Tutaonana uwanjani.

Jumatatu, 3 Machi

Bo ni mpole mno. Akimsukuma mtu anamwomba radhi, kisha anamwinua na kumpangusa. Kocha alijifunika uso kwa taulo. Lakini Dell! Baada ya mazoezi alibaki naye, akamfundisha kukita miguu, kuinamisha kiuno, mikono kifuani. Alimwambia radhi zote azikusanye, aziombe mara moja mechi ikiisha. Nani mwingine ana mume mwenye subira hivi? Nilitazama kutoka jukwaani hadi supu yangu ya maharage ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya biashara ya mwaka! Nimempa Wade mkimbiaji wetu mmoja, yule mwenye kasi kuliko wote, naye kanipa walinzi wawili. Mmoja kwa wawili! Halafu waseme sijui hesabu.

Kocha aliitupa kofia yake chini, akatoka. Akarudi kuichukua. Akauliza, kwa kuwa sasa tuna ukuta mzima, je, Dell atamrushia nani mpira, muuza bisi? Nilimjibu kwamba mkono wa Dell utajitafutia njia. Akaitupa kofia tena. Wivu wa kikocha.

Alhamisi, 6 Machi

Ligi imepiga simu. Kila timu mwisho wachezaji ishirini na mmoja. Sisi ni ishirini na wawili, na kesho mchana mmoja awe ametoka. Kocha anataka nimwache mlinzi mmoja. Nibomoe ukuta wa mume wangu? Thubutu!

Nimepata dawa. Namwacha Dell! Kwa maandishi tu. Mchezaji akiachwa, timu nyingine zina siku moja ya kumdai. Asipodaiwa, anarudi kwetu kama wa akiba, hahesabiwi, na siku ya mechi namwita. Nani atamdai mzee mwenye goti bovu? Wade ana manati yake mpya.

Dell alikuna kichwa akaniuliza, "Mke wangu, una hakika?" Nikalibusu goti. Nikalituma jina.

Ijumaa, 7 Machi

WADE KAMDAI!

Eti kijana wake anahitaji mwalimu. Alinipigia mwenyewe, mwenye heshima zote, akaniambia, "Usijali, shemeji, Krismasi nitakuazima mumeo." Nilimkatia simu. Nikampigia tena, nikamkatia mara ya pili.

Sheria ni sheria. Dell amekwenda Dunning na begi lake, saa tatu za barabara. Nimemfungia mikate ya mdalasini. Alinipa pole, mimi! Nimelia juu ya usukani hadi honi ikalia. Lakini sijashindwa. Andika hapo: sijashindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mechi na Dunning. Ukuta wangu ulisimama imara, ukimlinda mrushaji wetu wa akiba, mwalimu wa jiografia. Dell alicheza yeye, kijana akiketi kujifunza. Alirusha pasi tano za kufunga, zote kwa yule mkimbiaji wangu wa zamani. Kila pasi, akanipulizia busu. Nami, jamani, nilisimama nikashangilia. Baba aliniuliza ni upande gani unaonilipa.

Zamu yetu ya kukaba, Bo alimfikia Dell mara moja tu. Alimkumbatia, akamlaza chini taratibu kama mtoto mchanga. Hakuomba radhi! Alingoja mechi iishe. Dell alimpiga mgongoni kwa furaha. Nani kasema hatukuzi vipaji?

Jumatatu, 17 Machi

Nyumba ni tupu. Hata ukimya unakoroma vibaya. Nimempigia Wade aniambie bei yake. Anataka zamu yetu ya kwanza ya kuchagua chipukizi mwakani, na ya mwaka unaofuata. Pia ile mashine ya kukandia unga aliyotuzawadia harusini.

Nilisita. Kwa sababu ya mashine.

Nimekubali.

Jumanne, 18 Machi

Karudi! Kaingia na theluji mabegani, nikamning'inia shingoni hadi goti likalia. Mume wangu! Mrushaji wangu! Baba amenuna, Kocha hanisemeshi, na sijuti hata chembe.

Baadaye Kocha alinisemesha. Tuko ishirini na wawili tena, na Jumatatu mchana ndiyo mwisho. Ameniomba, karibu apige magoti, nimwache mlinzi mmoja. Kamwe! Kosa la kwanza lilikuwa la siku tu. Alhamisi watu wako macho. Safari hii jina la Dell nitalituma Jumapili asubuhi: Wade yuko kanisani, halafu anakwenda kuvua samaki kwenye barafu, ambako simu haishiki. Hataona kitu!

Nimemuuliza Dell mbona begi lake bado liko mlangoni, halijafunguliwa. Akasema aliisoma sura yangu tangu alipoegesha gari, akaona asijisumbue kulifungua.