Uwanja wa Kimataifa wa Kasulo

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Kaimu Katibu ambaye pia ni shemeji yangu, mabalozi wa nyumba kumi kumi, padre, shehe, na ninyi wananchi wa Kasulo mliosimama juani kwa sababu viti ni vya uongozi. (Makofi machache.)

Mimi, Ndugu Desderius, Mratibu wa Programu ya Michezo, nimekuja kuufungua Uwanja wa Kimataifa wa Vijana, ambao kitaalamu umekamilika kwa asilimia mia moja na ishirini. (Watu wanatazamana.) Mwaka jana, vijana wetu waliporudi kutoka vitani kumng'oa nduli, alifika ofisini kwangu mama mmoja mkulima, Zita Nyirabahizi, aliyehamia hapa zamani kutoka Rwanda. Aliniamkia shikamoo ingawa kwa umri ni mama yangu, nami nikaitikia marahaba kwa mujibu wa itifaki. (Kicheko.)

Akaeleza kwamba watoto wa wenyeji na wa waliohamia wanarushiana mawe kisimani, na mjukuu wake nusura apoteze jicho. Akaomba wachezeshwe mpira pamoja, kisha waalikwe wenzao wa nchi jirani, ng'ambo ya mto, waje kupimana nguvu. Nikamuuliza mpira utazuiaje mawe. Akasema, "Mwanangu, anayekupasia mpira leo, kesho utamrushia jiwe kwa sababu gani?" (Makofi marefu.)

Asanteni, ingawa makofi hayo ni yangu, maana wazo hilo nililichukua, nikalifanyia semina Bukoba, semina Mwanza, na semina ya kutathmini semina, mpaka likawa wazo la ofisi. (Mayowe kutoka bondeni. Waliosimama nyuma wanaondoka.)

Utulivu, ndugu. Kuna nini kule? (Katibu anamnong'oneza.) Naarifiwa kwamba mama Zita, bila kibali, amekusanya watoto bondeni, kwamba wa ng'ambo wamevuka asubuhi na padre wao, wa kijiji cha Nyakahura wamekuja na lori la ng'ombe, na wa kwetu, wenyeji na waliohamia, wamo timu moja. Mjukuu wake ndiye golikipa. (Shangwe. Padre na shehe wanaondoka pamoja.)

Basi nifupishe. Michezo ni kazi! Uwanja ni uhai! (Katibu peke yake: "Uhai!") Namshukuru mzee Telesfori kwa kutuazima shamba hili la mihogo, ambalo kwenye mchoro ndilo uwanja wenyewe, na namruhusu aendelee kulipalilia, maana uwanja mwingine hatuna wala hatukupata kuwa nao. Asanteni kwa kunisikiliza, ninyi wachache mliobaki. Katibu, viti tutavikunja baadaye. Twende bondeni. Anaongoza nani?