Kakule Kumi na Mmoja na Orodha ya Mulekera

Tueni mizigo, enyi watu wa Butembo na Beni! Mwenye jembe aliegemee, mwenye pikipiki aizime, maana habari hii si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari ya Kakule Éliakim, simba wa Mulekera, mbeba dosie, faili la vyeti vyake, isiyo na kunjo hata moja, aliyekwenda kuomba nafasi katika ile shule tukufu ambamo vijana huingia raia na kutoka maafisa, wamefundishwa kuongoza watu, kusoma ramani na kula kwa uma.

Alikwisha kushindwa vita viwili. Mwaka wa kwanza muhuri wake ulikuwa wa bluu, bureau, ofisi ya uandikishaji, ikataka mwekundu. Mwaka wa pili akaleta mwekundu, kumbe bluu imerudi madarakani. Na Jumapili ijayo angetimiza umri ambao shule ile haimpokei tena mtu. Wala hakuzitamani nyota za mabegani. Mama yake, Virginie, alitoka Mabalako mbio siku kijiji kiliposhambuliwa, godoro kichwani, na alipowaita askari hakuitika mtu. Mkubwa wao alikuwa bado anauliza kwenye simu Mabalako iko upande gani. Siku ile Éliakim aliapa kwamba atapatikana afisa anayeijua njia.

Basi asubuhi ya siku ya mwisho ya kujiandikisha, uwanjani Mulekera, mbele ya wagombea mia mbili, akatokea adjudant Précieux, askari msimamizi wa uandikishaji, mtu wa mbali, aliyekuwa na wiki moja tu jimboni. Mkononi alishika orodha. Mashine, kwa kubana wino, ilikuwa imechapa jina la kwanza tu la kila mtu.

"Kakule!" akaita.

Wakasimama wanaume kumi na mmoja kwa mpigo mmoja, kwa unyofu ambao hata gwaride la sikukuu halijauona. Adjudant akaitazama orodha: jina lilelile, mistari kumi na mmoja.

"Mobulu nini hii, fujo gani?" akanguruma. "Mutu moja anajiandikisha mara kumi na moja? Munawaza jeshi ni arusi, mutu arudie sahani? Ni fraude, ni udanganyifu! Nafuta bote!"

Akachomoa kalamu. Lo, kalamu ile! Kakule kumi wakainamia viatu vyao. Lakini Éliakim, ngao ya wazaliwa wa nne, akapiga hatua tatu mbele.

"Mon adjudant, mukubwa wetu, shusha kalamu kwanza, usikie. Hapana fraude. Kwetu Banande, mutoto mwanaume wa ine ni Kakule. Baba hachaguake, mama hachaguake. Jina inamungoyaka mutoto mbele azaliwe. Hapa kuko bamama kumi na moja, donc kuko Kakule kumi na moja. Ukitufuta, utasema nini mbele ya bale bamama?"

Adjudant Précieux hakuwahi kurudi nyuma mbele ya adui, kwa kuwa hawakuwahi kukutana. Mbele ya akina mama kumi na mmoja, akarudi.

"Mais nitabatofautisha namna gani?"

"Andika jina ya mama pembeni."

Akaandika, ulimi nje, mstari kwa mstari. Kisha akaanza kuita upya.

"Tamar!"

Akasimama pande la mtu, ndevu hadi kifuani. "Présent!"

"Bénie!"

"Présent!" akajibu mcheza mpira mwenye shingo ya fahali, na uwanja ukaangua kicheko hadi watu wakashikana mbavu. Wakacheka wote, adjudant naye, isipokuwa Éliakim, aliyekuwa akingoja jina la mama yake.

"Virginie!"

Hakusimama mwingine. Akasimama yeye peke yake, kifua mbele, machozi yakimlengalenga.

"Présent, mon adjudant!"

Alama ikawekwa, dosie ikapokewa. Na watunza tarehe waandike kwa wino usiobanwa: siku hiyo, mchana kweupe, Virginie wa Mabalako aliitwa mbele ya jeshi, na safari hii mtu akaitika.