Poda ya Harusi ya Otilia

Jumatatu, 6 Juni 1994.
Mpambaji mwenzangu Cornelia amerudi kutoka mpakani Tunduma na poda. Laini kama moshi, rangi ya ngozi, eti ya kukazia krimu chini ya macho. Mtaa mzima wa Majengo umeshaambiwa. Soko huria limetuletea mengi, na maringo ya Cornelia yamo. Lakini Otilia nampamba mimi, Jumamosi. Bibi harusi halali kwa wasiwasi, macho meusi kama masufuria. Krimu ya kuficha ninayo. Bila poda itateleza hadi kidevuni. Cornelia amesema ataniazima yake. Kuazima! Afadhali nife.

Jumatano, 8 Juni.
Nimejipaka poda ya watoto. Mume wangu Urbano ameuliza kwa upole kama mashine ya kusaga imelipuka. Ana utani sana, Mungu amjalie. Ila amenifungua akili. Unga wa ulezi! Rangi ya Otilia kabisa. Nimeuchekecha kwa mtandio, nikatia manukato, nikajaribu shavuni. Umekaa vizuri mno.

Jumamosi, 11 Juni.
Kanisani Otilia aling'aa. Shangazi zake waliuliza poda imetoka wapi. Nikasema Ulaya, kupitia Zambia. Cornelia alikuwa amenuna benchi la nyuma. Nikampungia mkono kwa upendo wa Kikristo.
Ukumbini baba yake Otilia akasimama kumuaga mwanawe. Sauti ikamkatika. Otilia akalia. Hilo sikulipanga. Machozi yakakutana na unga. Pakavimba, pakanata, matone mazito yakaangukia shela. Bibi yake akasogea, akagusa kwa kidole, akaonja.
"Stefania," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "huu ni uji. Hata sukari hukutia."
Cornelia akampeleka Otilia chumba cha nyuma na poda yake. Otilia akarudi mzuri kuliko asubuhi. Alipoondoka aliwaaga wote, akanipita mimi. Mtoto niliyemsuka tangu yuko chekechea. Nimekula pilau bila kusikia ladha.

Jumapili, 12 Juni.
Nimekwenda kuomba radhi. Otilia amecheka, amenisamehe, akanisihi nitumie poda ya Cornelia. Nimeitikia kwa unyenyekevu. Jioni Cornelia mwenyewe kaniletea kopo, zawadi. Nimemshukuru, nikamrudishia. Kosa halikuwa langu, ni machozi ya ovyo. Tena Jumamosi ijayo nampamba bibi harusi mwingine, Sharon, na dukani kwa Rafaeli nimeona kakao. Laini, ina rangi, inanukia. Na hakuna aliyewahi kupika uji wa kakao.