Makumbusho ya Mizizi, Namba 47 hadi 48

Jumatatu, 5 Agosti

Kijitabu kimetoka. "Mambo ya Kufanya na Kuona Hazebeke na Viunga Vyake." Rangi tele, karatasi za kuteleza. Nimekisoma nikiwa nimesimama hapo hapo mlangoni, sikuweza hata kukaa.

Mnara wa kengele umo. Haya, hiyo ni haki yake. Kinu cha upepo kisicho na mabawa kimo. Mti wa mwerebi uliopigwa radi umo. Benchi limo! Benchi la kukalia, tena na picha yake! Na ukurasa mzima, ukurasa mzima jamani, wa Sefa, lile jitu la kike lililosukwa kama tenga ambalo Hilaire na wenzake hulivalisha gauni na kulibeba kwenye gwaride huku wamejificha ndani ya sketi. Makumbusho yangu ya Chikori? Hayamo. Hata nukta.

Marehemu baba alikausha mizizi ya chikori katika jengo hili la tanuri maisha yake yote. Nusu ya Flandria yetu hii ya Ubelgiji ilikunywa kahawa ya mizizi yake. Mimi na dada yangu Alida tulijifunza kutembea juu ya zile sakafu zenye joto. Na leo jengo ni mali ya manispaa, na mkataba wangu unaisha Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimeshaambiwa: wageni wasipoonekana msimu huu, tanuri anapewa Hilaire awe anamtunzia humo Sefa wake.

Wageni wa mwaka huu hadi sasa: mume na mke kutoka Gent waliokimbia mvua. Mvua ilikatika tukiwa bado kwenye maelezo ya mbegu. Wakaondoka.

Alida anasema nisile kwa hasira, nitapaliwa. Nimekula kwa hasira. Nimepaliwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda kwa diwani wa utalii, Annelore Cappelle. Msichana niliyemjua akinyonya kidole. Nimemwuliza benchi limeishinda nini mizizi.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Kijitabu kimefuata njia za baiskeli. Wageni wote siku hizi wanakwenda kwa namba: unatoka kibao cha arobaini na saba, unatafuta cha arobaini na nane, basi. Kilicho njiani kinaonekana. Tanuri langu haliko njiani. Liko hatua chache pembeni, lakini pembeni ni pembeni.

Na nani alikuwa kajikalia pale, akinywa kahawa ya manispaa? Hilaire. Tulisoma darasa moja, na tangu siku hizo ana tabia ya kuketi karibu na mwalimu. Akasema, kwa ule upole wake wa bandia, kwamba hakuna ubaya, ila mtu hapandi baiskeli Jumapili aende kutazama mizizi. Kisha akasema Sefa anahitaji mlango mrefu, na wangu ni mrefu, ameshaupima.

Ameupima! Mlango wa baba yangu! Lini? Nikiwa wapi? Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Nimeupima na mimi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeshinda kwenye njia panda ya mfereji, chini ya kibao cha arobaini na saba, nikichunguza watu. Ama kweli! Kila mmoja kafunga kikaratasi cha namba kwenye usukani. Wanatazama kikaratasi, wanatazama kibao, wanakata kona. Mnara hawauoni. Bata hawawaoni. Mimi niliwapungia mkono, hakuna aliyeniona. Ungepaka namba kwenye ng'ombe wangemfuata mpaka zizini.

Basi hapo ndipo akili ikanijia. Kibao kinashikwa na nati mbili tu. Mshale ukigeuzwa kidogo, kidogo tu, unaelekea uani kwangu. Sitakuwa nimeiba. Sitakuwa nimevunja. Nitakuwa nimesahihisha.

Nimemwambia Alida. Akaacha kumenya viazi, akasema mambo haya yatanitokea puani. Huyu dada yangu hajawahi kuwa na maono.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegeuza. Nikavaa koti la makumbusho, lile lenye vifungo vya shaba, nikasimama mlangoni na mzizi mkononi.

Wakaja! Mungu wangu, walivyokuja! Kaptura za kubana, kofia ngumu, kengele kring kring. Wakaingia kwa lango la mbele, wakapita uani, wakatokea kwa lango la nyuma. Hakuna aliyekanyaga breki. Niliwakimbilia na mzizi wangu nikiwaita karibuni, karibuni, na wao wakazidisha mwendo.

Baada ya lango la nyuma hakuna kibao kingine. Kuna shamba la mahindi la jirani Verhelst. Kwa hiyo baada ya muda wakaanza kurudi, matope hadi magotini. Mama mmoja akanishika mkono akaniuliza arobaini na nane iko wapi, babu.

Babu! Nina miaka sitini na moja. Sikumwonyesha.

Jumapili, 11 Agosti

Kosa limepatikana: lango la nyuma. Nimelifunga kwa mnyororo. Anayeingia sasa lazima asimame.

Wakasimama. Ua ulijaa kama siku ya mnada. Chama kizima cha wastaafu kutoka mji wa jirani, wenye fulana za rangi ya limau. Nikapanda kwenye kreti la bia, nikakohoa, nikaanza: Mabibi na mabwana, mzizi wa chikori...

Mzee mmoja akanyoosha mkono. Nikafurahi, swali la mapema! Akauliza choo kiko wapi.

Nilipaswa kusema hakuna. Alida, mwenye kiherehere, akamwonyesha choo chetu cha uani. Na kumbe choo ni kama kupiga miayo, akianza mmoja ndiyo basi. Wote wakakumbuka. Foleni ikatoka mlango wa choo ikazunguka tanuri. Nikaipitia foleni nzima, mtu mmoja mmoja, nikimpa kila mmoja mzizi aunuse. Walinusa. Wakanirudishia.

Walipomaliza nikawasimamia waandike maoni kwenye kitabu cha wageni. Nimekaa jioni hii kuyasoma. "Safi sana." "Sabuni ya waridi, hongera." "Karatasi laini, haipatikani sehemu nyingine." "Tutarudi na dada zetu." Chikori haijatajwa hata mara moja! Alida kasoma juu ya bega langu, kaenda kuchuma waridi za kuweka chooni.

Jumatano, 14 Agosti

Hilaire kaja. Uwanja wa kanisa umekauka, anasema. Siku nne baiskeli hazionekani. Sefa anakaa peke yake ukumbini, na mke wa Hilaire, anayeuza chapati za maji mlangoni pa ukumbi, kazipanga zimefika kidevuni hana mnunuzi. Je, mimi sijasikia lolote?

Nimesema dunia ina mambo. Nimesema labda watu wamechoka na majitu. Akanitazama suruali. Spana ilikuwa imechungulia mfukoni. Nikasema natengeneza bomba. Alida alikuwepo, akainua macho akaanza kuhesabu mbao za dari.

Akasema kesho ni gwaride la Sefa, siku yake kubwa, na asingependa liharibiwe na mtu mwenye kijicho. Kijicho! Mimi! Anasema hivyo aliyempimia mwenzake mlango angali hai!

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Sijui nianzie wapi.

Bendi ya gwaride hutoka kijiji cha ng'ambo ya mfereji. Kila mwaka walikuja na basi. Mwaka huu, kumbe, waliamua kuja kwa baiskeli, tarumbeta mgongoni, ngoma kubwa kwenye mkokoteni. Na hawa watu waliozaliwa ng'ambo tu ya maji, waliobatizwa hapa, ambao mnara wetu wanauona kutoka madirisha ya vyumba vyao, walikujaje? Kwa namba! Walifika kibao cha arobaini na saba, wakatazama mshale, wakauacha mnara upande wa kulia wakaingia kwangu.

Nikawaambia gwaride liko kule. Mpiga ngoma akanionyesha kikaratasi, akasema kibao kimesema huku. Ningefanya nini, nikiri? Nikawaambia, madhali mmefika, mzizi wa chikori... Wakauliza choo kiko wapi.

Kule mjini, Sefa alisubiri, akasubiri, mwishowe akatoka bila muziki. Wabebaji walioko ndani ya sketi hawaoni nje. Ngoma ndiyo macho yao: ngoma ikilia wanapiga hatua ya kushoto pamoja. Bila ngoma kila mtu akawa na kushoto kwake. Sefa akayumba, akajizungusha mara mbili, akaingia kichwa kichwa kwenye dirisha la duka la mikate. Hakuna aliyeumia. Hilaire alitolewa kwenye sketi akiwa na tati, keki ya jibini, kichwani.

Haya ninayasimulia kama nilivyoambiwa na Annelore, aliyekuja kwa baiskeli kuisaka bendi. Akaikuta uani kwangu, nusu kwenye foleni, nusu wakipiga muziki wa polka kuwaburudisha walio kwenye foleni. Alitazama lango lenye mnyororo. Akarudi hadi njia panda, akakitazama kibao. Akarudi kwangu. Akaniambia kwa upole nifike ofisini Jumatatu. Heri angefoka.

Jumapili, 18 Agosti

Sijagusa chakula. Nimepanda juu, kwenye sakafu ya kukaushia, nikajilaza pale baba alipokuwa akigeuza mizizi kwa koleo la mbao. Bado pananukia. Miaka yote hii, na bado pananukia. Nimelia kidogo. Nilijua nimelipoteza tanuri, tena nimelipoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Ingawa, tuseme ukweli, aliyeanza ni benchi.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumerudi, mimi na Alida. Sijapoteza. Lakini sikilizeni fedheha hii!

Annelore alikuwa na kitabu changu cha wageni, na Hilaire kaketi kando yake. Alikiomba kwa Alida, na Alida akampa. Akasema alichofanya mzee Firmin, yaani mimi, ni utovu wa nidhamu, na nimwombe Hilaire radhi. Nikaomba, nikiangalia dirisha. Kisha akasema waendesha baiskeli wanaililia manispaa miaka mitatu sasa: kati ya uwanja wa kanisa na mfereji hakuna pa kujisaidia. Sasa pamepatikana, na sifa zake zimeenea. Kwa hiyo baraza limependekeza njia ipite rasmi kwangu, mnyororo utolewe, lango la nyuma liwekewe kibao chake. Tanuri linabaki mikononi mwangu miaka kumi. Sharti ni moja: choo kiwe wazi kwa kila mpita njia. Baraza litapiga kura Jumanne ya wiki ijayo, na kura zipo.

Nikauliza, na kijitabuni? Akasema nitaingia. Akanionyesha mchoro. Kati ya arobaini na saba na arobaini na nane, kijimtu na kijimke, bega kwa bega. Alama ya choo. Jina la makumbusho halimo!

Nikasema huku ni kumtukana marehemu. Hilaire akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tati. Nikasimama nitoe hotuba. Alida akanivuta koti nikakaa.

Njiani akaniambia, "Kaka, baba angecheka mpaka akae chini. Tanuri limebaki. Sema asante, ufunge mdomo."

Analia kwa furaha, huyu. Mimi nalia kwa sababu zangu.

Jumapili, 25 Agosti

Sharti ni sharti, nami ni mtu wa neno langu. Choo kiko wazi. Lakini hakuna aliyeandika mlango upi! Nimepigilia mbao mlango wa uani, nimetoboa mwingine upande wa ndani. Sasa mwenye haja anapita ghala la mbegu, anapanda sakafu ya kukaushia, anashuka kwenye tanuri, anazunguka kinu cha kusagia mizizi, ndipo anafika. Na ufunguo ninao mimi. Ninautoa nikimaliza maelezo.

Sijawahi kupata wasikilizaji kama hawa. Wamesimama wima, miguu imebanana, macho yote kwangu. Hakuna anayesinzia. Hakuna anayeuliza swali la kupoteza wakati. Alida amenisihi mara tatu nibomoe zile mbao. Ng'o!

Alasiri akaja Annelore na madiwani wote kukagua kabla ya kura, na mama yake mzazi, Bibi Zulma, aliyepita miaka themanini na aliyekuja nao kwa baiskeli ya matairi matatu. Nikawapokea kwa heshima zote. Tukaanza na mbegu. Tulipofika kwenye tanuri Bibi Zulma akanyoosha mkono. Nikamwambia kwa adabu kwamba maswali ni mwishoni. Akanyoosha tena. Nikamwambia, "Subira, bibi, tumebakiza kinu tu."

Bibi Zulma hakukifikia kinu.

Alida alimpeleka ndani, akampa sketi yake na kikombe cha chai. Madiwani walitazama viatu vyao. Annelore aliondoka bila kuaga, na uso wake sikuupenda.

Nimetafakari jioni nzima, na sioni haya kukiri: kosa nimeliona. Maelezo yanaanzia mbali mno ndani. Kuanzia kesho nitawaanzia langoni, wakiwa bado hawajashuka kwenye baiskeli. Na hili la kura wasinitishe. Watu hawa hawanielewi kwa sababu moja tu, kwamba hawajawahi kunisikiliza mpaka mwisho. Nimeomba nafasi ya kuzungumza mbele ya baraza Jumanne, kabla hawajapiga kura. Nitaanza na mbegu.