Shotigani ya Babu na Mdomo Wangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mimi ndiye kijana hatari kuliko wote waliowahi kunywa maji ya Ziwa Victoria. Sijisifu, naweka tu kumbukumbu. Simba wa Serengeti wakisikia jina langu wanahamia Kenya. Na kuanzia leo nina silaha!

Tumerudi Mwanza kutoka Muleba, tulikomzika babu. Jioni ukoo umekaa kikao nyumbani kwake Buzuruga. Nyumba ni ya bibi Josepha. Haki yake. Kibanja cha Muleba, migomba na kahawa, wamepewa baba mkubwa Rugemalira na ndugu zake. Shauri yao. Halafu wazee wakasema shotigani inamfuata mwenye jina la marehemu. Mwenye jina ni nani? Rwehumbiza! Rwehumbiza ni nani? Mimi! Baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu na hucheka Krismasi tu, alifumba macho kama mtu aliyeng'atwa na siafu mahali pabaya.

Kuna masharti. Shotigani iko kituo cha polisi, maana leseni hufa na mwenyewe. Mrithi anapita kwanza mbele ya kamati ya usalama ya kata, anaulizwa maswali, akionekana ana akili anaandikiwa. Kamati ni Jumatano ya wiki ijayo. Jumamosi yake tunaondoa tanga. Siku hiyo nitakaa kwenye kigoda cha babu, shotigani mapajani, na bibi ataweka mkono juu yake amuage mumewe. Babu alikata roho hospitali bibi akiwa ameenda kufuata uji. Hawakuagana. Bibi anasema hiyo siku ndiyo anayoingojea, hana nyingine.

Akanishika kidevu. Akaniita mume wangu, kama anavyoniita tangu nilipopewa jina la mumewe. Akasema nisimwangushe. Nikamuuliza bibi, nani amewahi kuniona naharibu jambo? Baba mkubwa akaanza kutaja. Tulimwacha anataja tukaenda kula.

Jumanne, 3 Juni

Nimetangaza habari soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ambapo mimi ni meneja wa usafirishaji wa dagaa. Chenge anasema mimi ni mbeba magunia kama yeye. Wivu huo.

Chenge akauliza mbele za watu kama nshomile aliyeishia kidato cha pili anajua risasi hutokea upande gani. Watu wakacheka. Wahaya tunataniwa hivyo kila siku, eti wasomi wa kujisifu, nimezoea. Lakini Winnie wa meza ya chai naye kacheka. Hilo likaniuma. Kicheko cha Winnie nimekipangia matumizi mengine.

Ikabidi niseme hii si bunduki ya kufukuzia nyani. Ni bunduki ya vita! Vita vya Kagera! Na kweli vitani ilikuwepo, bibi mwenyewe husema. Nikasema babu aliua maadui wanne. Winnie akaacha kumimina chai. Nikasema kumi na wanne. Akanipa kitumbua bure.

Nimegundua kitu hapa.

Alhamisi, 5 Juni

Shida moja. Silaha isiyoonekana haiheshimiwi. Lakini mfuko wake wa turubai uko kwa bibi, umening'inia ukutani. Nimeuazima bila kumsumbua kwa kumuuliza. Ndani nimetia kasia nililolikuta limelala tu ufukweni.

Nimekatiza sokoni polepole, uso wa mtu anayejua siri za serikali. Njia ikafunguka yenyewe! Muuza sangara mmoja akaniamkia shikamoo, na ana wajukuu. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Winnie akauliza ilitoka wapi. Nikasema babu alimpokonya ofisa wa adui, kwa mikono mitupu, huku anaumwa malaria. Chenge akataka ifunuliwe. Nikamwambia silaha ya vita haifunuliwi hovyo, itaamka. Akarudi nyuma hatua! Nimeishi kuiona siku hiyo.

Basi akatokea mzee Ngosha, mwenye mtumbwi, anauliza nani kaona kasia lake. Mfuko una tundu chini. Rangi ya bluu ya kasia ikamchungulia. Akalichomoa mbele ya kadamnasi, akaniuliza kama babu yangu aliwapiga hao maadui makasia mpaka wakafa. Chenge alianguka kwa kucheka. Aliangukia dagaa wabichi, angalau.

Nikaeleza kuwa hiyo ni mbinu ya kijeshi. Silaha halisi haitembezwi, inatembezwa bandia. Wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali. Winnie mmojawapo, nafikiri, au alikuwa anafukuza nzi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimemrudishia bibi mfuko. Hakuuliza ulikuwa wapi. Kaunusa, akasema unanuka samaki, babu yako hakupenda samaki. Akanikalisha jikoni, anamenya ndizi, akanisimulia habari yote ili nikijua ninachokirithi nikae nacho vizuri.

Shotigani babu alipewa na baba yake, kwa ajili ya nyani wa kahawa. Vita ilipofika, kijiji kizima kikakimbia kwa miguu kuja kusini. Bibi alimbeba baba mkubwa mgongoni. Babu akatembea nyuma ya watu wote, shotigani begani. Wazee wakichoka, wanageuka, wanamwona, wanaendelea. Akina mama wakisikia mlio porini, wanageuka, wanamwona, wananyamaza. Walitembea hivyo mpaka wakafika salama. Risasi alikuwa nayo moja tu, tena ilikuwa imelowa. Anayejua ni yeye na bibi.

Nikauliza, kwa hiyo hakuua hata mmoja? Bibi akasema hata kunguru.

Nimesikitika sana. Habari nzuri, sikatai, lakini haina mwendo. Ukiipeleka Mwaloni utarudi nayo. Nimeamua kumhifadhia bibi heshima yake kwa kutomwambia mtu.

Jumanne, 10 Juni

Baba mkubwa kaniita kunifundisha. Anasema kuna tatizo dogo. Kitabu cha leseni kipo, lakini namba iliyochongwa kwenye chuma imefutika, maana babu aliisugua kila Jumamosi maisha yake yote. Kwa hiyo kamati itataka familia ieleze ilikotoka, wajue ndiyo ile ya kwenye kitabu. Nijibu hivi tu: ni ya shamba, ya baba wa babu, ya nyani wa kahawa. Kisha nifunge mdomo. Akayarudia maneno hayo kama anafundisha watoto wa chekechea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie bila kutia madoido.

Huyu mzee hajui watu. Kamati wanasikiliza habari za nyani mwaka mzima. Ukitaka kupewa silaha lazima uonekane unatoka ukoo wa silaha. Pia nimepata wazo la mashahidi. Nimemwalika Chenge. Nimemwalika Winnie. Winnie kasema atafunga meza ya chai aje! Kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kuona. Vyote sawa.

Jumatano, 11 Juni

Kamati.

Nilivaa koti la babu. Mama Sabina, mtendaji wa kata, alikuwa amekaa katikati, afande pembeni yake, shotigani mezani. Ndiyo mara ya kwanza kuiona karibu. Ni fupi kuliko nilivyosimulia.

Afande akauliza kwa upole silaha hii babu aliipata wapi. Nikamwona baba mkubwa anachezesha midomo: nyani, nyani. Nikamwona Winnie mlangoni, khanga mpya. Nikasimama. Nikasema, mheshimiwa afande, marehemu alimpokonya ofisa wa adui katika mapambano makali, akaua arobaini kwa hiyo hiyo.

Kimya! Nilifurahi sana. Nilidhani ni heshima.

Afande akaacha kalamu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina mashahidi. Chenge akainuka. Miaka yote tangu nimjue huyu mtu hajawahi kunitetea, na leo ndiyo kachagua. Akaapa, mkono juu, kwamba habari hiyo anaijua, Mwaloni nzima inaijua, hata kifaru kimoja kilitajwa. Winnie naye akasema kweli, alisikia. Baba mkubwa alikuwa amesimama anasema hapana, hapana, ni ya nyani, mtoto huyu tangu akiwa mdogo yuko hivi. Mama Sabina akamwambia kaka, subiri zamu yako, kijana anaeleza vizuri.

Zamu ya baba mkubwa ilipofika, afande alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu yake. Akaeleza polepole. Kitabu kinaongelea bunduki ya shamba. Namba haisomeki. Familia, kwa mdomo wa mrithi, na mashahidi wa mrithi, inasema hii ni silaha iliyotekwa vitani. Silaha ya vita ni mali ya serikali, hairithiwi, haina leseni, itapelekwa kuteketezwa. Na ile ya kwenye kitabu, ya nyani, iko wapi? Familia iitafute.

Nikasema basi nimetania. Mama Sabina akaniuliza kama nimetania arobaini wote au baadhi.

Njiani Chenge kanipiga begani, akasema mwanangu, nimekubeba leo au sijakubeba?

Jumamosi, 14 Juni

Tanga limeondolewa. Nimekaa kwenye kigoda. Mapajani hamna kitu. Mzee mmoja akapendekeza niwekewe mwiko, mwingine mwavuli. Baba mkubwa akasema kwa huyu tia kasia, kumbe habari ilimfikia. Ukoo mzima ukacheka, mimi nikacheka nao ili wasifaidi peke yao.

Bibi aliinuka akaja hadi mbele yangu. Akauinua mkono. Akautazama, akatafuta pa kuuweka. Akarudi kukaa.

Chakula kilikuwa kizuri. Wageni kutoka Muleba walinizunguka wanauliza habari ya wale arobaini. Walikuwa wameshaisikia kwenye basi! Nikawaambia kwa kifupi. Sikuona haja ya kuwakatisha tamaa watu waliosafiri.

Jumatatu, 16 Juni

Mambo si mabaya. Winnie amesema hajawahi kuona kikao kizuri kama kile, na kikitokea kingine nimjulishe. Baba mkubwa haongei nami, ambayo ni mapumziko. Babu pia ameacha baiskeli, na hiyo haihitaji kamati. Nimeshaanza kumweleza Chenge ilivyovuka mto Kagera chini ya mabomu. Kauliza kama mto huo babu aliuvuka kabla au baada ya kifaru. Nitapanga.

Asubuhi bibi aliniomba nimpeleke kituoni kabla shotigani haijachukuliwa. Nikamwambia hawatakubali. Afande kakubali. Ni yule yule wa kamati. Akaitoa, akaiweka juu ya benchi, akamletea bibi kiti, akatoka nje ili asimsumbue. Mimi nikabaki mlangoni.

Bibi akaifuta kwa ncha ya khanga, kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Akaweka mkono juu yake. Akaanza kuongea nayo kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwingine. Aliongea muda mrefu. Kuna mahali alicheka.

Nje walikuwepo askari wawili vijana, wageni Mwanza. Wakaniuliza yule bibi ni nani na ile bunduki ina nini. Sasa ungekuwa wewe? Nikawaambia. Nikaanzia kwa ofisa wa adui, nikapitia malaria, nikafika kwa maadui sitini. Mmoja akasema duh. Nikaongeza daraja lililolipuliwa.

Nilipogeuka bibi alikuwa amemaliza, anajifunga khanga. Njiani kuelekea nyumbani akaniuliza kama nimesikia aliyomwambia babu, maana mwenye jina ndiye anayetakiwa kuyaitikia kwa niaba yake, akisha kuitikia basi wameagana. Akaningoja niitikie.

Sikusikia hata neno. Nikasema bibi, nimesikia yote.